Kinachozidi ni cha Nani? Historia ya Ujira wa Dalali wa Nyumba

Katika Kiswahili neno udalali lina maana mbili zinazolala kitanda kimoja. Ni kazi ya dalali, na ni ujira wake pia. Mtu husema, "Fulani anafanya udalali," na jirani yake husema, "Fulani hajalipwa udalali wake," na wote wawili huwa wamesema sawasawa. Yamkini lugha imeona jambo ambalo wenye nyumba hawataki kulikubali, nalo ni kwamba kazi hii haionekani mpaka ilipwe. Mwashi huacha ukuta, seremala huacha mlango, mshairi naye huacha walau karatasi. Dalali akimaliza kazi yake haachi kitu cha kutazamwa isipokuwa nyumba ile ile iliyosimama jana, ambayo leo ina mwenyewe mwingine. Ndiyo maana ugomvi juu ya haki yake hauishi barazani. Muuzaji hutazama fungu la fedha linalokatwa katika urithi wa wazee wake, akajiuliza: kwani huyu kafanya nini?

Asili ya neno ni Kiarabu, dallal, na mzizi wake ndio uliotupa dalili. Dalali, kwa maana ya asili, ni mwenye kuonyesha: humwonyesha mnunuzi kitu na humwonyesha mwenye kitu mnunuzi. Katika miji ya pwani jina hilo lilibeba watu wa namna nyingi. Alikuwa dalali mtu aliyezunguka mitaani na kanzu, mkeka au saa mkononi akinadi. Alikuwa dalali aliyesimamia mnada wa mali ya marehemu. Na alikuwa dalali aliyekaa baina ya tajiri wa pembe za ndovu na mnunuzi aliyeteremka merikebuni. Dalali wa nyumba ni mdogo wao wote kwa umri, kwani ili awepo dalali wa nyumba sharti kwanza nyumba ziwe vitu vya kuuzwa, na kwa muda mrefu hazikuwa hivyo.

Swali la kama ujira huu unastahili ni la zamani kuliko nyumba yoyote ya mawe inayokaliwa leo katika visiwa hivi. Imam Bukhari, aliyefariki mwaka 870, aliweka katika mkusanyiko wake wa hadithi mlango maalumu wa ujira wa dalali, na humo akataja wanavyuoni wa mwanzo, akiwamo Ibn Sirin na Ata, ambao hawakuona ubaya wowote katika ujira huo. Pamoja nao yamo maneno yaliyonasibishwa na Ibn Abbas, na maneno hayo ndiyo yanayogusa kiini cha shauri lililopo mbele yetu. Yeye aliona hapana ubaya mtu kumpa mwenzake nguo akamwambia aiuze, na chochote kitakachozidi kiwango walichokubaliana kiwe chake yule muuzaji. Wengi wa mafakihi waliokuja baadaye hawakuliafiki jambo hilo, kwa hoja kwamba ujira usiojulikana kiasi chake unazaa khitilafu, wengine waliliruhusu. Mjadala huo haukuwa wa vitabuni tu. Kila asubuhi unajadiliwa upya chini ya miti ya Unguja, Mombasa na Dar es Salaam kwa jina jingine, jina la mtaani: cha juu.

Kuna na mafunzo mengine mawili ya zamani yanayomhusu dalali. La kwanza ni makatazo ya mkaazi wa mji kumuuzia bidhaa mtu aliyetoka nje ya mji, ambayo Ibn Abbas aliyafasiri kuwa ni kumzuia asiwe dalali wake. Hofu, kama walivyoieleza wanavyuoni, ilikuwa kwamba mjuzi wa soko atazuia bidhaa na kupandisha bei kwa wenyeji. La pili ni makatazo ya najashi, yaani mtu kuingia katika mnada na kutaja bei asiyokusudia kuitoa, ili kumchokoza mnunuzi wa kweli. Anayewajua madalali wa leo atamtambua mara moja yule rafiki anayekuja kuitazama nyumba akiwa amevaa vizuri, akasifu dari na kisima, akataja fedha nyingi, kisha asionekane tena. Sheria ilimjua kabla simu hazijabuniwa.

Lakini katika pwani yetu jina la dalali lina doa ambalo historia haina ruhusa ya kulipaka chokaa. Katika soko la Mkunazini, Unguja, mpaka lilipofungwa mwaka 1873 kwa mkataba ambao Sayyid Barghash aliutia saini kwa shinikizo la Waingereza, dalali ndiye aliyewatembeza watu mbele ya watu wengine akinadi bei zao. Alifanya kazi ile ile ya kuonyesha, na kwa kuonyesha huko alilipwa. Pale palipokuwa soko pakajengwa kanisa, na madalali wakabaki mjini wakinadi vitu vingine: karafuu, samani, vyombo vya shaba, na hatimaye nyumba. Huenda hii ni sababu mojawapo kwa nini mpaka leo mtu wa nasaba hupenda kusema kwamba mwanawe ni "wakala", au "anashughulika na nyumba", kuliko kulitaja jina lenyewe.

Nyumba ya mawe ya Kiswahili haikujengwa kwa ajili ya soko. Katika Lamu na Pate, nyumba ya kiungwana ilijengwa au kugawanywa kwa ajili ya binti. Binti alipoolewa alipewa nyumba au sehemu yake, ghorofa ilipandishwa juu ya ghorofa, na pale nafasi ilipokwisha lilijengwa wikio juu ya njia ili dada wawili wapitiane bila ya kushuka barabarani. Nyumba kama hiyo mtu angeiuzaje? Ukuta wake mmoja ni ukuta wa shangazi, dari yake ni sakafu ya binamu, na kisima ni cha wote. Al-Inkishafi, utenzi wa Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir ulio maarufu kuliko tenzi zote kwa kutafakari majumba ya Pate, unayaonyesha majumba hayo yakiwa magofu na makaazi ya ndege na wadudu. Wenyewe wamekwenda makaburini, na nyumba zimewafuata. Muuzaji hayumo, wala mnunuzi.

Sheria nayo ilizifunga nyumba hizo kwa kamba mbili. Ya kwanza ni mirathi, iliyozigawa kwa mafungu: thumni kwa mjane, fungu la mtoto wa kike nusu ya la nduguye mwanamume, na kadhalika vizazi kwa vizazi, hata chumba kimoja kikawa na wenyewe kumi na saba waliotawanyika baina ya Siyu na Maskati. Ya pili ni shufaa, haki ya mshirika kuinunua sehemu ya mshirika mwenzake kabla ya mgeni na kwa bei ile ile ya mgeni. Katika madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na wengi wa watu wa pwani, haki hiyo ni ya mshirika peke yake. Mahanafi humpa na jirani. Kwa nyumba iliyojaa warithi, shufaa ya mshirika ilitosha kumkatisha tamaa mnunuzi wa nje. Waliokuwa wakitafuta mnunuzi hawakuhitaji dalali. Walihitaji kikao cha ukoo. Na aliyefanya kazi ya kupita baina ya shangazi na binamu, akibeba maneno na kuyapunguza makali njiani, alikuwa karibu zaidi na mshenga kuliko dalali. Mshenga halipwi kwa asilimia. Hupewa shukurani, kanzu pengine, na heshima ya kualikwa.

Kilichowaleta madalali katika mambo ya nyumba ni deni. Katika karne ya 19, Unguja ilipokuwa bandari ya karafuu na pembe, wenye mashamba na majumba walikopa kwa wafanyabiashara wa Kihindi, na kwa kuwa riba ni haramu, mkopo ulivishwa nguo ya mauzo. Iliitwa bei ya khiyari. Mwenye nyumba humuuzia mkopeshaji nyumba yake kwa sharti kwamba ataweza kuikomboa kwa bei ile ile ndani ya muda waliowekeana. Katika muda huo yeye hubaki mumo humo kama mpangaji, akilipa kodi. Kodi hiyo, waama, ndiyo riba iliyobadilishwa jina. Muda ukipita bila ya kukomboa, mauzo yanathibiti. Hivyo maelfu ya mafungu ya mali yaligeuka kuwa karatasi, na karatasi hutembea. Palipo na karatasi zinazotembea hutakiwa mtu wa kujua ipi ni ya nani, ipi imebakiza miezi mingapi, na nani ana fedha taslimu za kuikomboa. Huyo ndiye dalali wa nyumba alipoanza.

Karne ya 20 ikampa ujuzi mwingine. Kenya ilipotunga mwaka 1908 sheria ya hati za ardhi ya pwani, kila mwenye kudai kiwanja alitakiwa apeleke dai lake, na ardhi isiyodaiwa ikahesabiwa kuwa ya Serikali ya Kiingereza. Mombasa ikakuza mtindo ambao mgeni wa bara huusikia akacheka asiamini: nyumba bila ardhi. Kiwanja ni cha mtu mmoja, nyumba iliyo juu yake ni ya mwingine, na mwenye nyumba humlipa mwenye kiwanja kodi ya ardhi kila mwezi. Nyumba hiyo huuzwa, hurithiwa na huwekwa rehani peke yake, ilhali udongo ulio chini yake haujasogea. Ng'ambo ya Unguja nako kulikuwa na namna hiyo, na kodi ya viwanja ilipowachosha watu, mwaka 1928 wapangaji wa ardhi waligoma kuilipa, mgomo ambao mji uliukumbuka kwa miaka mingi. Mtu aliyetaka kuuza kibanda cha udongo na makuti huko Majengo au Ng'ambo alikuwa anauza nini hasa? Miti, makuti, na uhusiano na mwenye kiwanja. Uhusiano huo haukuandikwa katika daftari lolote la serikali. Uliandikwa katika kichwa cha dalali.

Hapa inafaa kutua kidogo, kwani watu wengi wanaomlaumu dalali wanamsahau dalali huyu wa zamani. Ujira aliolipwa haukuwa wa kutangaza. Katika mtaa ambao kila mtu anajua nani anauza, tangazo lina kazi gani? Alilipwa kwa kujua kwamba nyumba hii ina mrithi aliyesafiri Ngazija ambaye siku moja atarudi kudai, kwamba choo cha ile kimejengwa katika kiwanja cha jirani, kwamba mwenye ardhi ya mtaa ule ni mkali na wa mtaa huu ni mpole. Mnunuzi aliyempuuza alinunua kesi. Alikuwa ofisi ya ardhi yenye miguu, na kama ofisi zote alikuwa na uwezo wa kuficha faili.

Mapinduzi ya Januari 12, 1964 yaliifunga ofisi hiyo Unguja na Pemba. Ardhi yote ilitangazwa kuwa mali ya umma, majumba mengi ya Mji Mkongwe yakataifishwa, wenyewe wengi wakawa wamekufa au wamekimbia, na familia zilizohamishiwa humo zilipanga kwa serikali vyumba ambavyo hazikuvijenga. Kwa miaka ishirini udalali wa nyumba ulikuwa kazi ya kunong'ona. Hauna maana udalali pale ambapo ufunguo hutolewa na ofisi. Na matokeo yake yalionekana darini: nyumba isiyoweza kuuzwa haikarabatiwi na mtu, maboriti ya mikoko yalioza, na kila masika kuta kadhaa zilianguka. Mwaka 1985 iliundwa Mamlaka ya Uhifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe, biashara ikaanza kufunguliwa, baadhi ya nyumba zikauzwa kwa watu binafsi, na madalali wakatoka vibarazani mwao kama watu walioamka. Mji Mkongwe ukaingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2000, na mji wa kale wa Lamu mwaka uliofuata.

Tangu hapo ujira wa dalali umekuwa na sura mpya, kwa sababu mnunuzi amekuwa na sura mpya. Lamu na Shela zilianza kununuliwa na Wazungu waliokuja kupumzika, kwanza mmoja mmoja, kisha kwa wingi. Mwenye nyumba wa Shela aliyerithi gofu la matumbawe lisilo na dari aliijua bei ya mtaani: bei ambayo jirani angeweza kuilipa. Mnunuzi aliijua bei ya kwao: bei ya chumba kimoja cha kulala katika mji wa Ulaya. Baina ya bei hizo mbili palikuwa na bahari, na dalali peke yake alikuwa na ngalawa. Akamuuliza mwenye nyumba, "Mkononi unataka ngapi?" Mwenye nyumba akataja kiasi kilichomtoa jasho kwa ukubwa wake. Dalali akaenda kwa mgeni akataja mara mbili, au mara tatu. Tofauti ndiyo cha juu.

Ndipo maneno ya Ibn Abbas yanaporudi. Ukiyasikiliza kwa juujuu utadhani yamemhalalishia dalali wa Shela kila alichokitia mfukoni. Lakini mfano ule ulikuwa wa watu wawili waliokubaliana waziwazi: wewe uza, kinachozidi ni chako. Mwenye nguo alijua kwamba kitazidi, akaridhika. Cha juu cha siku hizi kina nguvu pale tu ambapo muuzaji hajui, na ndiyo maana dalali hufanya kila juhudi muuzaji na mnunuzi wasikutane mpaka siku ya kutia saini. Umbo la mapatano ni lile lile, bali roho yake imetolewa. Kuuita ujira ni kulionea neno.

Wengine hudhani kwamba maradhi haya ni ya kwetu peke yetu, na kwamba huko kwenye ofisi zenye viyoyozi mambo yamenyooka. Historia ya Marekani inawakatalia. Huko nako mtindo wa cha juu ulikuwapo: mwenye nyumba hutaja kiasi anachotaka mkononi na wakala huchukua kilichozidi. Majimbo mengi yameupiga marufuku kwa sababu ile ile inayolalamikiwa Shela, kwamba wakala humficha muuzaji thamani ya mali yake. Mwaka 1908 vyama vya madalali wa miji vilikutana Chicago vikaunda chama cha taifa, na njia iliyotawala ikawa asilimia maalumu ya bei. Nadharia yake ni nzuri na inaingia akilini. Dalali akilipwa kwa asilimia, kila shilingi anayomwongezea mwenye nyumba inamwongezea na yeye. Maslahi yao yamefungwa kamba moja.

Kamba hiyo ni nyembamba kuliko ilivyodhaniwa. Mwaka 1950 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kwamba chama cha madalali wa mji wa Washington kilivunja sheria ya ushindani kwa kuwapangia wanachama wake viwango vya ujira. Viwango vikaacha kuwa amri, vikabaki kuwa ada. Na ada, kama anavyojua kila aliyewahi kuoza binti, ina nguvu kuliko amri. Kwa miongo mingi ujira ulizunguka kwenye asilimia tano au sita, ukigawanywa baina ya dalali wa muuzaji na dalali wa mnunuzi, na muuzaji ndiye aliyelipa yote. Tuchukue nyumba ya dola 300,000 kwa asilimia 6. Ujira ni dola 18,000. Nusu inakwenda kwa dalali wa mnunuzi. Inayobaki, tuseme dalali anagawana sawasawa na kampuni yake, akabaki na 4,500, yaani asilimia moja na nusu ya bei. Sasa mwenye nyumba akisema, "Tungoje wiki mbili, huenda tukapata 10,000 zaidi," yeye mwenyewe anangojea 9,400. Dalali anangojea 150, na kwa hizo 150 atapanda gari, atafungua milango, atajibu simu. Ushauri atakaoutoa unajulikana kabla hajafungua kinywa: uza sasa.

Hili halikuachwa kuwa dhana. Wachumi wawili, Steven Levitt na Chad Syverson, walichapisha mwaka 2008 uchunguzi wa mauzo ya nyumba takriban 100,000 za eneo la Chicago, baadhi yake zikiwa za madalali wenyewe. Walikuta kwamba dalali anapouza nyumba yake mwenyewe huiacha sokoni siku 9.5 zaidi, na huiuza kwa bei inayozidi kwa asilimia 3.7 ile ya nyumba inayofanana nayo aliyomuuzia mteja. Anajua kungoja, ila hangojei kwa ajili ya mwenzake. Uchunguzi mwingine wa mji wa Madison, uliochapishwa mwaka 2009, uliwalinganisha waliouza kupitia madalali na waliotangaza wenyewe kwa malipo madogo. Bei hazikutofautiana, waliotumia madalali waliuza mapema zaidi. Na katika nyumba za walimu wa chuo kikuu cha Stanford, ambako wanunuzi ni watu wa chuo tu na wote wanafahamiana, ilionekana kwamba kutumia dalali kuliharakisha mauzo na kukapunguza bei kwa zaidi ya asilimia tano.

Hatimaye mambo yakafika mahakamani. Tarehe 31 Oktoba 2023 baraza la wazee wa mahakama huko Kansas City liliamua kwamba chama cha taifa cha madalali na baadhi ya kampuni kubwa walikula njama kuudumisha ujira juu, na fidia ikakadiriwa kuwa karibu dola bilioni 1.8. Machi 2024 chama kilikubali kulipa dola milioni 418 na kubadilisha kanuni zake. Kuanzia Agosti mwaka huo ujira wa dalali wa mnunuzi haukuruhusiwa tena kutangazwa katika orodha ya pamoja ya nyumba zinazouzwa, na mnunuzi alitakiwa aandikiane na dalali wake kabla ya kuonyeshwa nyumba.

Matokeo ya uchunguzi huo yakisomwa na mtu wa pwani yanasema jambo ambalo mzee wa Ng'ambo angelisema bila ya takwimu: dalali hanunuliwi kwa ajili ya bei, hununuliwa kwa ajili ya wakati. Mwenye haraka, mwenye mgonjwa, mwenye watoto walioachwa na deni, huyo anapata thamani ya anachokilipa. Asiye na haraka, na hususan yule ambaye mnunuzi wake anaweza kuwa jirani au mshirika katika urithi, analipa asilimia kwa ajili ya kuambiwa jina analolijua. Na nyumba nyingi za mitaa ya zamani, mpaka leo, hununuliwa na mtu wa ukuta wa pili. Kumtafutia jirani dalali ni kumpa mtu fedha akutafutie kofia iliyo kichwani mwako.

Lakini takwimu za Chicago hazimjui mrithi aliye Toronto. Hapa ndipo udalali wa visiwani unapotofautiana na ule wa Marekani, na ndipo penye uzito. Warithi wa Mji Mkongwe na wa Lamu leo wako Maskati, Dubai, London na Toronto. Wamoja hawajapata kuiona nyumba yenyewe. Wanaijua kwa picha ya bibi aliyekaa kwenye daka. Hawawezi kukaa kikao cha ukoo isipokuwa kwa simu, na kwa simu hakuna anayelia wala anayeona haya. Kwa watu hawa dalali mwaminifu hufanya kazi mbili za zamani kwa pamoja, ya ofisi yenye miguu na ya mshenga. Anamtafuta yule mrithi wa kumi na moja ambaye jina lake limeandikwa vibaya katika hati. Anakwenda kwa sheha. Anajua kama nyumba ina wakfu ndani yake, kwani chumba kimoja kilichowekwa wakfu kwa msikiti hakiuziki, na mnunuzi asiyeambiwa atakuja kuambiwa na kadhi. Asilimia tano kwa kazi hiyo si nyingi. Hata kumi, ambayo madalali wengi wa Tanzania huitaja kwanza ili wapunguziwe, yumkini isiwe dhuluma. Wanaoidharau kazi hiyo ni wale ambao hawajawahi kupokea barua ya wakili kutoka kwa binamu wasiyemjua.

Hatari yake ni moja tu, nayo ni kubwa: mrithi wa Toronto ndiye pia asiyeijua bei. Mambo mawili yanayomfanya amhitaji dalali, umbali na kutojua, ndiyo yanayomweka mikononi mwake. Kenya ilitunga mwaka 1984 sheria ya mawakala wa nyumba na kuunda bodi ya kuwasajili, na ni kosa kuifanya kazi hiyo bila ya kusajiliwa. Lakini dalali wa mtaani hasajiliwi na bodi, anasajiliwa na mkahawa anaokunywa kahawa. Dawa iliyopatikana ni ile ile ya wanavyuoni: ujira utajwe kabla, utajwe kwa kiasi, na uandikwe. Warithi wenye busara huandika katika wakala wanaompa ndugu yao aliyebaki nyumbani kwamba muuzaji sharti aonane na mnunuzi kabla ya arubuni kupokewa, na kwamba bei itakayoandikwa katika hati ndiyo itakayohesabiwa mbele yao. Madalali hawapendi sharti hilo. Wachache wanaolikubali bila ya kukunja uso ndio wanaopitishiwa nyumba kwa miaka thelathini, na majina yao hayaandikwi kwenye ubao wowote.

Siku ya mauzo huwa fupi. Watu hukutana ofisini kwa wakili, au kwa sheha, muuzaji upande huu na mnunuzi upande ule, na mara nyingi ni mara yao ya kwanza kutazamana. Karatasi husomwa kwa sauti: mipaka ya kaskazini, kusini, mashariki na magharibi, majina ya majirani, idadi ya vyumba, kisha bei. Bei inapotajwa muuzaji humtazama mnunuzi, mnunuzi humtazama muuzaji, na baadaye wote wawili humgeukia dalali, ambaye amekaa karibu na mlango, ufunguo mkononi.